Vifuniko Vinne kwa Ndoo Moja

Namalundi, karibu na Ruvuma inapoingia baharini
26 Mei 2024

Mjomba Isihaka, shikamoo.

Kwa heshima na taadhima, napenda kuutangazia ukoo wote, walio hai na waliotangulia, kwamba jana saa nne asubuhi, katika duka la hapa kijijini, mbele ya mashahidi wawili na mbuzi mmoja, mimi Nuhu nimenunua ndoo. Ni ya plastiki, ya kijani, ina mkono wa waya na mfuniko wake. Ni kitu cha kwanza maishani mwangu ambacho hakikununuliwa na mama, hakikuazimwa kwa mwenzangu wa bwenini, na hakijaandikwa namba ya chumba kwa rangi nyekundu. Nimechukua saizi ya mtu mmoja, maana kisima kiko mbali na katika nyumba hii mimi ndiye mume na ndiye mke.

Baada ya tangazo hilo, salamu. Mimi sijambo. Bibi Mwanahamisi, mjane aliyenipangisha chumba, anakusalimu ingawa hakujui. Mwambie mama nakula vizuri, na kwamba neti ya mbu nimeitundika siku ile ile niliyofika, asiulize tena.

Naandika barua kwa sababu simu huku haina adabu. Nikisimama kisimani inanikaribisha Msumbiji na kunila salio. Nikiingia chooni inarudi Tanzania, lakini siwezi kuzungumza na mkubwa kama wewe nikiwa chooni. Tena najua simu ya hapo nyumbani hupokelewa kwa spika, na nyumba nzima hujibu. Basi barua hizi atazibeba Erasto, dereva wa lori la chumvi. Anapita hapa kila wiki au kila wiki mbili, kutegemea afya ya lori.

Kazi nimeanza. Chama cha ushirika kimenipa mkataba wa miezi sita ya majaribio. Jambo moja linanishangaza, Mjomba. Wananiamini. Mzee Kassimu, mwenyekiti wa kikundi cha wakulima, ana mikorosho iliyopandwa kabla baba hajazaliwa, lakini juzi tulipotoka msikitini alinishika mkono akasema, "Mtaalamu, mwaka huu tunakusikiliza wewe." Miaka mitatu chuoni hakuna aliyewahi kunisikiliza, hata nilipokuwa nimepatia.

Tarehe tano Juni nitawaonyesha kwa vitendo jinsi ya kuchanganya dawa ya ubwiri unga, ule ukungu mweupe unaokausha maua ya korosho. Naogopa kidogo. Kidogo tu, kama mtu anavyomwogopa mbwa aliyefungwa.

Mpwa wako,
Nuhu


Ziwani
3 Juni 2024

Mpwa wangu Nuhu,

Marahaba. Tangazo lako nimelisoma mbele ya nyumba nzima, nimesimama, kofia mkononi. Mama yako alitoa machozi, kisha akauliza kama mfuniko unabana.

Hapa wote wazima. Kuku wangu mwekundu amekufa, nadhani kwa kiburi. Tangu uondoke, Hamisa mama yako amegeuka ofisi ya kilimo. Majirani wanamletea majani ya mihogo yenye madoa, anayatazama juani, anasema, "Nitamwuliza mwanangu." Majani yanarundikana dirishani. Usipoandika habari za mihogo hivi karibuni, itabidi tuongeze dirisha.

Sasa hilo la kuaminiwa. Mimi sikusoma. Miaka kumi na tisa nilibebesha miche ya mikorosho, kuunga kitawi cha mti bora juu ya mche, kwenye bustani ya tajiri mmoja njia ya Naliendele, na wataalamu walikuwa wakija kusimama kivulini kuzungumza. Nikasoma kwa masikio, nimeinama, kisu mkononi. Katika yote niliyoyasikia nimebaki na moja. Mkulima anayekubishia amekusikia. Anayesema "sawa mtaalamu" ama hakukusikia kabisa, ama amekusikia mno. Huyo wa pili ndiye wa kumwogopa.

Kwa hiyo soma karatasi ya kwenye chupa. Isome mara mbili. Kisha mpe mtu mwingine aisome kwa sauti, wewe usikilize.

Uliniuliza zamani kwa nini niliacha kazi ya miche, nikakwambia mgongo. Ni mgongo.

Mama yako anauliza kama unavaa sweta asubuhi.

Mjomba wako,
Isihaka


Namalundi
19 Juni 2024

Mjomba, shikamoo.

Idi imepita salama. Nimekula nyama nyumba nne, na kila nyumba niliketishwa kwenye kiti chenye mto. Mwambie mama kuhusu mihogo: yenye majani yenye madoa ya njano ing'olewe, wapande mbegu safi. Sweta navaa.

Barua yako ilifika tarehe saba, maana lori lilipasuka tairi. Kwa hiyo ule ushauri wa kuisoma karatasi mara mbili umenikuta nimekwisha kufundisha. Lakini mafunzo yalikwenda vizuri sana. Walikuja watu zaidi ya mia, wake kwa waume, mpaka wenye mikorosho miwili. Nilisimama uani kwa Bibi Mwanahamisi na ndoo yangu ya kijani, nikainua chupa, nikasema kwa sauti ya mkuu wa chuo, "Vifuniko vinne vya chupa kwa ndoo moja ya maji!" Nikawaambia warudie. Wakarudia wote kwa pamoja, kama darasa la kwanza: "Vifuniko vinne kwa ndoo moja!" Hata mbuzi walinyamaza.

Nikachanganya mbele yao, nikajaza mashine, nikapulizia mikorosho mitatu ya Bibi iliyo karibu na nyumba. Mzee Kassimu alichungulia ndani ya ndoo, akanitazama mimi, akaitazama tena ndoo, akasema, "Sawa, mtaalamu." Nilitamani mama angekuwepo.

Dawa ya wakulima ililetwa siku mbili kabla ya Idi. Wameanza kupulizia jana.

Jambo dogo, Mjomba. Namwulizia mtu. Majani ya mkorosho yakibadilika kuwa rangi ya chai kavu, kuanzia nchani, na maua yakanyauka, mwezi huu wa Juni, inaweza kuwa baridi? Huyo mtu ana mikorosho mitatu yenye hali hiyo. Si haraka.

Mpwa wako,
Nuhu


Ziwani
27 Juni 2024

Mpwa wangu,

Marahaba. Mihogo imeng'olewa. Dirisha liko wazi tena, mama yako anaona mpaka barabarani, na hilo nalo limeleta matatizo yake.

Mwambie huyo mtu wako kwamba baridi ikija huja kwa wote. Haibishi hodi kwenye mikorosho mitatu na kuiruka iliyobaki. Mwambie pia kwamba mjomba wake anajua kuhesabu, na katika barua hiyo hiyo, juu kidogo, ipo mikorosho mitatu mingine.

Nina maswali matatu, na utanijibu yote. Kwanza, karatasi ya kwenye chupa inasemaje? Pili, ulipima nini na kwa chombo gani? Tatu, unalala?

Usiniandikie habari nyingine yoyote kabla ya hizo. Hata sweta.

Isihaka


Namalundi
16 Julai 2024

Mjomba, shikamoo.

Natumaini mama hajambo, na wewe, na kuku waliobaki. Samahani kwa kuchelewa. Erasto alipita mara mbili na mara zote mbili sikuwepo, au nilikuwepo lakini nilikuwa nyuma ya nyumba.

Huku kuna habari kubwa. Kiboko amepanda kutoka mtoni, ameingia bustani ya mchicha ya jirani na kula matuta sita. Lile la saba amelilalia. Watu walipiga madebe. Inasemekana ni jike. Ana kovu kwenye bega la kushoto. Wengine wanasema la kulia. Mimi nilimwona kwa mbali na nadhani ni la kushoto.

Watu ni wema sana kwangu, na wema huo unanitisha. Juzi Mzee Kassimu aliniletea samaki mkubwa aina ya changu, amekwisha kusafishwa. Kwa nini mtu apewe samaki mkubwa hivyo? Nilimla nimesimama. Jana kikundi cha akina mama kimeniletea muhogo mkavu na wote walicheka waliponiona. Sikuuliza wanacheka nini.

Kila asubuhi, upepo haujaamka, nasikia mashine za kupulizia. Ya kwanza ni ya Mzee Kassimu, inakohoa kabla ya kushika. Kisha mbili za upande wa mtoni. Kisha zote. Nimejifunza kuzitambua kwa sauti, moja moja, na ninajua kila moja iko kwa nani. Nafunga dirisha lakini dirisha ni la mbao.

Maswali yako nimeyaona. Nitayajibu safari ijayo, karatasi imekwisha.

Nuhu


Ziwani
22 Julai 2024

Nuhu,

Hapa wote wazima.

Karatasi yako upande wa pili ilikuwa nyeupe kabisa. Nimeigeuza mara tatu nikidhani wino umefifia.

Erasto ananiambia umekonda, na kwamba ukisikia mtu anaita "mtaalamu" unageuka kama aliyeitwa na askari. Anasema Bibi mwenye nyumba anakutengea chakula na unampa kuku. Kuhusu kiboko nakushukuru, nimemfahamu sasa kuliko ninavyomfahamu mpwa wangu.

Nisikilize. Wewe ni mtoto wa dada yangu. Kwetu mtoto wa dada akivunja kitu, haendewi baba yake. Naendewa mimi. Watakuja hapa watu wazima wawili, watakaa kwenye mkeka, watakunywa chai yangu, kisha watasema, "Isihaka, mpwa wako." Ndivyo nilivyosimama kwa ajili ya kaka yako alipovunja mtumbwi wa watu, na ndivyo mjomba wangu alivyosimama kwa ajili yangu, zaidi ya mara moja. Mimi silalamiki, ndiyo kazi ya mjomba. Lakini anayekwenda kujibu ana haki ya kujua ataulizwa nini.

Sikuulizi tena kwa hasira. Nakuuliza kwa sababu na mimi sasa silali, na umri wangu hauniruhusu.

Mama yako hajui kitu. Nimemsomea habari za kiboko tu.

Isihaka


Namalundi
30 Julai 2024

Mjomba, shikamoo.

Najibu. Pande zote mbili za karatasi.

Karatasi ya kwenye chupa inasema vifuniko vinne kwa lita ishirini za maji. Niliisoma chuoni, nikaisoma nilipoajiriwa. Kichwani mwangu lita ishirini ni ndoo, na ndoo ni ndoo. Tarehe ishirini Juni, nikiwa chini ya ile mikorosho mitatu ya Bibi, majani yanadondoka begani mwangu yakiwa makavu kama karatasi, niliigeuza ndoo yangu. Chini imeandikwa kumi.

Ndoo yangu ni ya lita kumi, Mjomba. Niliwaonyesha vifuniko vinne kwa lita kumi. Dawa mara mbili ya inayotakiwa. Nikawaambia warudie kama wimbo mpaka wakakariri. Kaya mia moja na nane zilisaini karatasi ya mahudhurio, wengine kwa dole gumba. Watu hawa hawana zao lingine. Watoto wanasoma kwa korosho, nyumba zinaezekwa kwa korosho, mtu anaoa kwa korosho.

Siku ile ile ningeweza kuwazuia. Walikuwa wameanza siku mbili tu. Nilitoka nyumbani nikiwa nimepanga maneno. Nilifika kwa Mzee Kassimu, akasema, "Karibu mtaalamu," nikamwamkia, nikauliza habari za wajukuu, nikarudi. Kesho yake nikaenda tena. Akaniuliza nina shida gani, nikasema naomba kuazima jembe. Sina shamba. Mara ya tatu nilirudisha jembe, maneno yakiwa mdomoni kabisa, nikaazima panga. Nina umri wa miaka ishirini na nne, nina stashahada ya kilimo, na nina panga la mtu chini ya kitanda.

Baada ya hapo sikwenda tena. Sijakanyaga shamba la mtu yeyote tangu tarehe ishirini. Natembea njia ya kisimani nimeinamisha kichwa nisione mti. Nimeandika taarifa mbili za kazi kwa chama, zote kutoka kitandani. Wakinisalimu nahesabu, huyu ana mikorosho arobaini, huyu ana kumi na mitano. Nangoja tu nisikie kelele, nione wanakuja pamoja. Hawaji. Wananiletea samaki. Nadhani wanajua, wanangoja mavuno ndipo waniambie.

Chuoni ukikosea unapewa sapu, unarudi Septemba, unafanya mtihani tena. Mkorosho hauna sapu. Ukiunguza maua ya mwaka huu, mwaka huu umekwisha. Sikujua kwamba huu ndio utu uzima, kusema kitu kimoja kwa dakika mbili na watu mia wakakifanya.

Kesho napanda lori la Erasto. Nimemwambia Bibi naitwa kwenye semina. Nakwenda Mpapura kwa mama mdogo, nitakaa huko mpaka nijue nifanye nini. Bibi amenifungia mayai ya kuchemsha ya safari. Mikorosho yake mitatu imesimama pale dirishani haina jani, naye ananifungia mayai.

Nakuomba jambo moja. Usije huku. Wakija kwako, sema huyo mtoto alikushinda tangu zamani. Sikutaka kukwambia kwa sababu hiyo tu, kwamba nitakosa mimi na utasimama wewe.

Nisamehe.

Nuhu


Namalundi, chumbani kwako
11 Agosti 2024

Mpwa wangu Nuhu,

Marahaba. Kitanda chako kina ubao unaochoma mbavu, sikujua kama unateseka hivyo. Mama yako nimemwambia nakwenda kumtazama kiboko. Amenipa sweta nikuletee.

Kabla ya habari za huku, yapo ya kwangu. Sikuacha kazi ya miche kwa sababu ya mgongo. Mwaka wa kumi na tano nilichanganya vikonyo, vile vitawi vya kubebeshea. Fungu moja lilikuwa la mti bora, la pili la mti wa hovyo uliokuwa unasubiri kukatwa. Nilibebesha miche mia sita kwa fungu lisilo lake. Nilijua jioni hiyo hiyo, nilipokuta fungu bora bado liko kwenye gunia bichi, limelala pale linanitazama. Miche ikapakiwa, ikaenda Mpapura. Nikanyamaza. Nikavumilia miaka minne mingine, kila gari likisimama getini nikidhani ni watu wa Mpapura, kisha nikasema mgongo. Tajiri amekufa hajui. Mpaka leo nikipita Mpapura nashusha kofia usoni, nisionane na mikorosho.

Nilipoisoma barua yako nilikaa mkekani mpaka chai ikapoa. Nikasema, kimya cha aina hii ukoo huu umekwisha kukifanya mara moja, kinatosha. Nikavaa koti la harusi, nikapanda kwa Erasto.

Njiani niliogopa sana, sikufichi. Kuanzia tulipoingia shamba la kwanza la kijiji hiki nilitoa kichwa nje ya lori nikitafuta miti iliyoungua. Miti ilikuwa imejaa maua. Nikasema hili si shamba lao. La pili, maua. La tatu, maua mpaka korosho changa zimeanza kuning'inia. Hapo ndipo nilipoogopa zaidi, nikafikiri dawa hii inaua polepole, inangoja nishuke.

Nilimwomba Mzee Kassimu akusanye watu baada ya sala ya alasiri, kwenye baraza ya ghala la chama. Walikuja wengi kuliko nilivyotaka. Nilifunga vifungo vyote vya koti.

"Wazee wangu, mama zangu," nikasema, "mimi ni Isihaka wa Ziwani, mjomba wa Nuhu. Nimekuja kujibu."

"Kujibu nini?" akauliza Mzee Kassimu. "Mtaalamu kafanya nini?"

"Kampa mtu mimba?" akauliza mama mmoja nyuma, kwa matumaini.

"Mama, bora ingekuwa hiyo."

Nikawaambia yote. Karatasi ya chupa, lita ishirini, vifuniko vinne, ndoo ya kijani, tarehe ishirini. Nikawaambia ulikuja kwa Mzee Kassimu mara tatu ukashindwa. Nikasema mtoto amekimbia kwa hofu, si kwa dharau, na kwamba lolote watakalosema waseme kwangu, maana kwetu na kwao desturi ni hiyo hiyo. Nilisikia mtu anatafuna muhogo.

"Mara tatu," akasema Mzee Kassimu. "Kumbe. Mimi nikadhani anapenda majembe."

Kisha akasema ndoo iletwe. Ikaletwa. Akaigeuza, akapitisha kidole chini, akampa aliye karibu naye. Yule akaigeuza, akampa mwingine. Ikazunguka baraza nzima kama mtoto mchanga anayetazamwa kafanana na nani. Ilipofika kwa akina mama, mmoja akaanza kucheka, akajifunika uso kwa kanga. Kisha wote. Mzee mmoja alicheka mpaka akashikwa na kikohozi, ikabidi apigwe mgongoni. Mimi nimesimama na koti langu la harusi. Nilitoka Ziwani nikiwa tayari kutukanwa, Nuhu. Kwa kuchekwa sikuwa nimejiandaa.

"Mjomba," akaniambia Bibi Mwanahamisi, "njoo nyumbani nikuonyeshe."

Njiani nikamwuliza kuhusu mikorosho yake mitatu, maana ile kweli imeungua, nimeiona kwa macho yangu, imebaki vijiti.

"Ile si ya mfano?" akasema. "Siku ile sisi tuliona. Tukasema mtoto amefundishwa vizuri huyu, kwanza anatuonyesha dawa ikizidi inavyofanya. Wamekuja mpaka watu wa kijiji cha pili kuitazama. Mimi nawapitisha."

"Na hamkumwuliza?"

"Mtaalamu anaulizwaje, Mjomba? Tena yule hakai. Ukimsalimu anakimbia. Tukampelekea samaki labda ni njaa."

Mikorosho hiyo mitatu ni deni la ukoo wetu, na nimemwambia hivyo mbele ya watu. Nitaikata vichwa, ikichipua nitaibebesha kwa mkono wangu, na safari hii vikonyo nitavikagua kimoja kimoja, na Bibi atavikagua tena baada yangu. Kwa hiyo nitakuwa huku muda. Wewe rudi Alhamisi na Erasto. Ofisini kwa chama hawajui kitu, na taarifa zako mbili za kitandani wamezisifu. Utasimama pale pale uani, utawaambia kwa mdomo wako. Mimi nimesimama kwa ajili yako, lakini siwezi kusema kwa ajili yako mpaka mwisho. Mzee Kassimu anaulizia panga lake.

Kabla hujaondoka Mpapura, zunguka kidogo. Tafuta mikorosho iliyopandwa kwa mistari, umri kama miaka kumi na miwili hivi. Waulize wenyewe kama inazaa. Usiwaambie nani anauliza. Au waambie. Amua wewe, sasa ni mtu mzima.

Nakuaga mapema, mimi mjomba wako Isihaka, kwa sababu upande wa pili wa karatasi nao unakwisha na bado sijakwambia nilichoonyeshwa.

Uani kwa Bibi zilikuwepo ndoo tano, zimefudikizwa ukutani zikauke. Nikazigeuza moja moja, nikasoma. Tukaenda kwa Mzee Kassimu, nikageuza za huko. Tukaenda nyumba ya jirani, na ya jirani wa jirani, mpaka mgongo ukaniuma kweli. Nimegeuza ndoo za nyumba kumi na saba. Zote ni za lita ishirini. Yenye lita kumi katika kijiji hiki ni ya kwako tu.